Nyimbo 9, elfu tisini mkononi: albamu nirekodi studio, nyumbani, au bendi nzima kwa mkupuo?

#1 Risha_Kibokoni
Salaam wadau. Naomba mawazo yenu maana nshazunguka na jambo hili mpaka kichwa chauma. Nina nyimbo tisa, mashairi yangu na mahadhi yangu, hakuna kampuni wala mfadhili nyuma, ni mimi na wenzangu watano. Mimi napiga udi na kuimba, halafu kuna tashkota (chombo cha nyuzi chenye vitufe), akodiani, gitaa la besi, na ngoma mbili, chapuo na dumbaki. Nimeweka akiba elfu tisini, nyingine pesa za harusi nyingine za kazi yangu ya ufundi stima. Nataka albamu ya heshima, nyimbo tisa zinazoshikana, sitaki kutoa singo moja moja.

Njia naona tatu. Kuna studio imenipa bei ya elfu tisa kwa wimbo, miksi na masta (kuchanganya sauti na kuzimalizia) ndani yake, ila kila chombo kiingie peke yake na kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni. Hapo ni 81,000, yabaki nauli. Ama ninunue vyombo vyangu nirekodi chumbani pole pole. Ama tutafute nyumba nzuri, tukae usiku mbili tatu tupige wote pamoja kama tunavyopiga harusini.

Moyo wangu ulikuwa kwa hiyo ya pili, lakini jaribio la kwanza limenivunja nguvu. Niliazima maiki mbili nikarekodi wimbo mmoja chumbani, kwa hedifoni mtu atoa machozi. Nikautia kwa simu, udi haupo. Sauti ipo, besi yasikika kwa mbali, udi umezama kabisa. Sasa nauliza, hiyo ni nini? Na kwa hali hiyo nishike njia gani?

#2 KisauniFlow
Nunua vyombo kaka usifikirie mara mbili. Studio walipa 81 watoka na mafaili tisa basi, kesho wimbo wa kumi walipa tena. Mimi niko Mlaleo, nina intafesi ya Scarlett ya mtumba ya maiki mbili (kile kifaa cha kuingiza maiki kwenye laptopu), maiki moja ya SM58, laptopu ya zamani na Reaper, hiyo programu wajaribu siku 60 bure ukiipenda leseni ni dola 60, ndo nshatoa nyimbo sita nazo. Magodoro mawili nyuma ya mgongo, blanketi mbele, maisha yakaendelea. Ikifika saa tisa usiku ukaamka na wazo warekodi hapo hapo, hakuna wa kukwambia muda wako umeisha.

#3 FundiWaya
Risha karibu. Hiyo ya udi kupotea nina hakika karibu yote: mono. Ulisema maiki mbili. Kama ulizielekeza zote kwa udi, moja ukaipeleka kushoto moja kulia, basi kwa hedifoni kila sikio lapata lake na udi wajaa kichwa kizima. Simu nyingi zachanganya pande mbili kuwa moja, na pale ambapo wimbi la maiki moja lapanda wakati la pili lashuka yanauana. Halafu kuna hizi plagini (programu ndogo) za kutanua sauti, nyingine zageuza upande mmoja makusudi ndo usikie upana. Ulitumia?

Fungua mradi wako, bonyeza mono kwenye traki kuu, usikilize. Udi ukizama hapo umepata jibu.

#4 Risha_Kibokoni
Nilitumia hiyo ya kutanua ndio! Usiku nikitoka kazini nitajaribu nirudi niwaambie. Shukran.

#5 MwalimuKwaya_Mikindani
Habari zenu. Mimi naona tofauti kidogo na FundiWaya, namheshimu sana lakini hapa tusikimbilie mono. Spika ya simu ni ndogo kama sarafu, haina uwezo wa kutoa sauti nzito. Udi una tumbo kubwa, utamu wake mwingi uko chini na katikati, na huko ndiko simu haifiki. Kinachobaki kwa simu ni ule mkwaruzo wa risha, kile kipigio cha mkononi, kwenye uzi. Kama maiki uliiweka usawa wa tundu la udi umepata tumbo tu hukupata risha. Isogeze ielekee pale shingo inapokutana na mwili, kama shubiri mbili kutoka kwa udi, usikilize tena kwa simu hiyo hiyo.

Kwetu kwaya tulipata shida hiyo hiyo na besi za wanaume, kanisani zatikisa madirisha, kwa simu wanaume wote wamekwenda.

#6 SautiYaLikoni
Mie ni mwimbaji nawaachia nyinyi mawimbi yenu, lakini nauliza, huo udi wapiga nini wakati waimba? Maana wapigaji udi wengi wakiimba wenyewe vidole vyafuata mdomo, nota kwa nota. Sauti na udi zikawa kitu kimoja, na msikilizaji siku zote atashika sauti kwa sababu ndiyo yenye maneno. Harusini hilo halidhuru, watu wakuona mkono ukienda. Kwenye rekodi hakuna mkono. Wazee walikuwa waimba mstari, wanyamaza, udi wajibu. Mpe udi nafasi yake ya kujibu uone kama utapotea.

#7 KisauniFlow
Daah dada hapo umenifunza kitu na mimi hata sipigi udi

#8 BabuTashkota
Vijana nawasalimu. Nimesoma yote. Mimi miaka ya themanini nlikuwa mdogo nashika waya za maiki kwenye harusi za Mji wa Kale, na baadaye nikapiga tashkota mpaka vidole vikakataa. Kanda zile mwazozisifu leo, za wauza kanda wa Mombasa kama Mbwana Radio Service na wengineo, watu walikaa pamoja wakapiga pamoja. Ukikosea mwarudia wote tangu mwanzo. Ndo maana mtu alikuja kurekodi akiwa ameiva. Leo mtu yuwaingia na shairi nusu, kwamba atalimalizia hapo hapo.

Risha mwanangu, shika hiyo ya tatu. Wenzako watano wakujua pumzi yako. Ukiwatenga kila mmoja na hedifoni zake wapata vyombo sita, hupati bendi.

Na hilo la udi nami nina langu: chumba. Chini kuna vigae?

#9 Risha_Kibokoni
Babu marhaba, vigae ndio, ukuta mpaka dari rangi ya mafuta.

Nimerudi na majibu. FundiWaya nimebonyeza mono, udi umeshuka sana, nimeitoa hiyo plagini umerudi lakini umerudi nusu. Mwalimu, nimesogeza maiki nikarekodi kipande kipya, risha yasikika hata kwa simu ila sasa udi umekuwa mkali kama bati. Dada wa Likoni, ni kweli, nafuata sauti nota kwa nota, sikuwahi kujiona. Kwa hiyo sijui nani amepatia.

#10 FundiWaya
Huo ukali ni vigae, Babu kasema kweli. Sauti yagonga chini yarudi kwa maiki imechelewa kidogo, yachanganyika na ile ya kwanza. Tandika mkeka halafu juu yake zulia zito. Na tafadhali usibandike trei za mayai, nimechoka kuziona. Zapunguza kidogo sauti za juu kabisa, chumba chabaki na uvumi wake ule ule wa chini, wala hazizuii hata pikipiki ya nje. Godoro ama blanketi nzito lafanya kazi zaidi, na liwe mbali na ukuta kidogo, lisigusane.

#11 KisauniFlow
Mimi nina trei 60 ukutani bro 😂 zapendeza kwa video lakini

#12 Mrima_Boy
Hebu turudi kwa hilo la kliki ndio lanichoma. Niko Ukunda, tulipeleka ngoma zetu studio moja huko mjini sitaitaja, fundi akafungua programu ikiwa nne kwa nne akatuwekea kliki. Sasa ngoma yenda kwa sita, mpigaji chapuo asikia kokoto nne masikioni, mkono wataka tatu. Tumepiga saa mbili nzima. Mwisho fundi akasema wapigaji wetu hawana taimu! Watu waliozaliwa ndani ya ngoma! Tumelipa tukaondoka na wimbo mmoja ambao ukiusikia wajua watu waogopa.

Kwa hiyo Risha kama nyimbo zako zina chakacha ndani, ile ngoma ya Pwani, uliza kwanza huyo fundi ajua sita kwa nane ni mnyama gani.

#13 FundiWaya
Pole sana ndugu. Hilo ni kosa la fundi kabisa, ni kubadilisha hesabu ya mradi dakika moja tu. Lakini kliki yenyewe msiitupe. Bila kliki ni vigumu kukata teki (mpigo mmoja wa kurekodi) ya kwanza ukaiunga na ya tatu, ni vigumu kuongeza fidla mwezi ujao ikakaa sawa. Kuna njia ya katikati: mpiga chapuo arekodi kwanza wimbo mzima peke yake na mwimbaji akimwimbia kando, halafu hiyo chapuo ndo iwe kliki ya wengine.

#14 BabuTashkota
Na wimbo ukitaka kupanda mwisho? Chakacha yaanza pole, wanawake wakiingia uwanjani yapanda. Hakuna aliyepanga ipande kiasi gani, macho ndiyo yapanga. Hiyo chapuo iliyorekodiwa Jumatatu itawaona vipi watu wa Alhamisi?

#15 FundiWaya
Babu hapo sina jibu zuri

#16 MwalimuKwaya_Mikindani
Lakini Babu tusiwapambe wazee kupita kiasi, hata wao walifuata mitambo ya wakati wao. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, miaka ya 30 alipokwenda kurekodi Nairobi aliimba ndani ya pembe ya gramafoni, na wimbo ulikatwa utoshee sahani.

#17 Mtumzima_Unguja
Mwalimu samahani nakusahihisha. Siti na wenzake walikwenda Bombay, si Nairobi, na mwaka ni 1928, walirekodi kwa kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Na pembe ilikuwa ishapitwa, kurekodi kwa maiki za umeme kulianza 1925. Hapo kwa sahani lakini umesema kweli. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua kama dakika tatu na kidogo, na nyimbo za taarabu hazijui dakika tatu.

#18 MwalimuKwaya_Mikindani
Ahsante mkubwa nimesahihishika. Hoja yangu ipo pale pale: mitambo siku zote yadai kitu, na wao walikubali kukata beti. Risha naye akikubali kliki hajawa msaliti.

#19 SautiYaLikoni
Walikubali kukata beti lakini walipiga pamoja Mwalimu

#20 KisauniFlow
Hahaha dada hapo kamfunga

#21 Risha_Kibokoni
Nafurahi sana mjadala huu. Nyimbo nne kati ya tisa ni chakacha, tatu za taratibu, mbili nimezitia mahadhi ya Kiarabu ya bayati. Kuna mtu wa studio alisema sauti yangu kwenye hizo mbili "haijakaa" ataiweka sawa kwa otochuni, ile programu ya kunyoosha nota. Nilinyamaza lakini nilisikia vibaya.

#22 BabuTashkota
Usikubali. Usikubali kabisa mwanangu.

#23 FundiWaya
Nieleze kwa wasiojua. Bayati ikianzia Re, nota ya pili ni Mi iliyoshuka robo, iko katikati ya vitufe viwili vya piano. Otochuni ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani inajua vitufe 12 tu, ikiona hiyo robo yadhani umekosea, yaisukuma juu ama chini. Hapo bayati imekufa, yabaki kitu kama wimbo wa tangazo. Programu nyingine zaruhusu uweke ngazi yako mwenyewe, lakini lazima fundi ajue cha kuweka.

#24 KisauniFlow
Mimi natumia otochuni na sioni haya, kwa rap na hizi za kuimba za kisasa ni chombo kama chombo kingine. Ila kwa bayati nawaachia wenyewe. Akodiani je? Si ina vitufe vya piano? Hiyo robo yaipata wapi?

#25 BabuTashkota
Swali la maana. Haipati. Hapo mpiga akodiani hodari yuwajua nota ipi asiiguse, anaizunguka. Na tashkota hivyo hivyo, ina vitufe kama vya taipureta, wavuta uzi kidogo kwa kidole nyuma ya kitufe ukiwa na bahati.

#26 Wakili_Tudor
Habari. Nimechelewa lakini kuna jambo hakuna aliyeligusa na ndilo linaloleta watu ofisini wakilia: hiyo rekodi itakuwa ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya 2001 pamoja na marekebisho yake, yamtambua mwenye rekodi kuwa ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi ifanyike. Wimbo ni kitu kimoja, yaani mashairi na mahadhi, hayo ni yako Risha hakuna ubishi. Rekodi ya wimbo ni kitu cha pili na haki zake ni mbali. Ukienda kwa mtu akakwambia "usilipe sasa tutaelewana", kesho atasema yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Karatasi moja tu, kabla ya kuwasha maiki: nani amelipia, rekodi ni ya nani, na zile traki moja moja nani atabaki nazo.

#27 KisauniFlow
Lakini wakili prodyuza akitengeneza biti kutoka sufuri hana chake??

#28 Wakili_Tudor
Ana chake. Aliyetunga muziki wa biti ni mtunzi kama mtunzi mwingine, mgawane kwa maandishi. Nilichosema ni kwamba kumiliki maikrofoni hakukupi wimbo wa mtu. Na usajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, si ndio unaozaa haki, haki yaanza pale kazi inaporekodiwa ama kuandikwa, usajili ni ushahidi mzuri mkifika kwenye mzozo. Kukusanya mirabaha ni mambo mengine: kuna mirabaha ya watunzi, ya wapigaji na waimbaji, na ya wenye rekodi. Risha ukijirekodi mwenyewe una mguu katika zote tatu, na hao wenzako watano wana haki yao ya upigaji, usiwasahau.

#29 SautiYaLikoni
Hilo la traki moja moja lisikilizeni sana. Mie nilirekodi nyimbo saba mahali, nikalipa zote, nikapewa miksi kwenye simu kwa kutumiwa. Baada ya miezi minne nikataka sauti ipandishwe kidogo kwenye wimbo wa tatu, naambiwa diski ya kompyuta imekufa. Nyimbo saba. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa pili wakati narekodi, pumzi ile ya wakati ule siwezi kuirudisha tena, na wimbo wa tatu umebaki vile ulivyo, sauti iko chini ya kinanda na hautabadilika mpaka kiama. Nikiusikia kwa watu natoka nje.

#30 Risha_Kibokoni
Pole sana dada. Wallahi pole.

#31 FundiWaya
Dada pole. Na wala nafasi si kisingizio. Traki moja ya sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24 za kompyuta, ni kama MB 8.6 kwa dakika. Maiki nane, saa nzima, ni GB nne na kidogo. Albamu yote na teki zilizoharibika yatosha kwenye flashi ya kawaida, weka mbili, moja kwako moja kwa mama.

#32 MamaMitandao
Hamjambo. Mimi kazi yangu ni kupandisha nyimbo za wasanii wa hapa Pwani mitandaoni. Risha nitakuwa mkweli, kwa nini albamu? Spotify iliingia Kenya Februari 2021 na tangu 2024 wimbo usiofika mara elfu moja ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Ukimwaga nyimbo tisa siku moja, mbili zasikizwa, saba zalala chini ya hiyo elfu. Ukitoa moja kila wiki sita kila wimbo wapata siku yake. Boomplay na YouTube pia wapenda mtu anayerudi rudi. Halafu Skiza, zile nyimbo mtu azisikia akikupigia simu, wimbo mmoja wa harusi ukishika huko waweza kulipia albamu nzima, na sheria ya 2022 imempa msanii asilimia 52.

Na ukichagua wa kukusambazia soma vizuri. DistroKid walipa kila mwaka na ukiacha kulipa nyimbo zaweza kushushwa kama hukulipia zibaki, CD Baby walipa mara moja kwa kila kazi. Wasanii wangu wawili walisahau kulipa, mwaka uliofuata wimbo hauonekani.

#33 Risha_Kibokoni
Nakuelewa mamangu na hesabu sina ubishi nayo. Lakini nyimbo hizi ni safari moja. Ya kwanza kijana yuwaondoka Lamu kwa jahazi, ya tisa mamake yuwapokea barua. Nikizikata kila wiki sita nani atakumbuka jahazi?

#34 MamaMitandao
Basi toa mbili kwanza, moja chakacha moja ya taratibu, watu wakujue, halafu safari yote. Si lazima uchague kimoja.

#35 Mrima_Boy
Kuna mahadhi yoyote ya kihindi humo? Rafiki yangu alirekodi wimbo wa harusi uliotoka kwa filamu ya kihindi, maneno yake mahadhi yao, YouTube wakaukamata siku hiyo hiyo pesa zikaenda kwa wenyewe.

#36 KisauniFlow
Lakini marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, si ndo mtindo wake? Mashairi yake mahadhi ya kihindi na Mombasa nzima yampenda

#37 BabuTashkota
Yampenda kweli, na tangu atutoke 2014 hajapatikana wa kukaa pale. Lakini tuweke sawa, mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya nduguye, malenga Ahmad Nassir. Na wakati wa kanda hakukuwa na mashine Marekani inayosikiliza harusi ya Kuze.

#38 Risha_Kibokoni
Yangu yote mahadhi yangu, Alhamdulillahi. Sasa naona mwanielekeza kupiga pamoja isipokuwa KisauniFlow. Nikipata nyumba, je? Jirani yangu ana ile nyumba ya kale ya familia, orofa ya kwanza haina mtu.

#39 FundiWaya
Nyumba za kale za mawe ni mali. Kuta nene za matumbawe zazuia kelele za barabara kuliko chumba chochote cha matofali ya leo, na dari ya boriti yavunja vunja sauti haikai ikigongana. Tatizo ni madirisha, na feni, zima feni kabisa. Mtarekodi baina ya saa tano usiku na saa tisa, mikokoteni na tuktuk zimelala, adhana ya alfajiri bado.

Mimi nina intafesi ya maiki nane. Kila maiki iwe karibu na chombo chake, na umbali wa maiki hadi maiki nyingine uwe si chini ya mara tatu ya huo. Maiki ikiwa sentimita 20 kutoka kwa udi, ya pili isikae karibu nayo kuliko 60. Ngoma kona moja, wewe mbele yao waone mdomo wako. Besi iingie kwa waya moja kwa moja.

#40 KisauniFlow
Mimi bado napinga kidogo, sikilizeni. Mkipiga wote pamoja chapuo itaingia kwa maiki ya sauti, ukikosea neno moja kwenye beti la nne huwezi kulibadilisha peke yake. Usiku mbili nyimbo tisa watu sita, mmoja akiwa na mafua imekwisha. Na sauti ya Risha je? Mwache aimbe tena baadaye peke yake, ngoma zibaki za pamoja.

#41 SautiYaLikoni
Mie ningemwachia aimbe pamoja halafu pia aimbe peke yake, achague. Kuimba mbele ya watu sauti yatoka kifuani. Chumbani peke yako watoa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Na nikialikwa kwa kuitikia naja, lakini teki ikiisha saa tisa usiku mie wa Likoni navuka vipi?

#42 Mrima_Boy
Feri yavuka usiku kucha dada ila wasubiri. Tutavuka pamoja.

#43 BabuTashkota
Ngoma zikanzwe moto kabla ya kila wimbo, msisahau. Wakati wa kusi hewa ina maji, ngozi yalegea katikati ya wimbo. Na msiende kurekodi kwenye AC halafu mkarudia nje, chombo cha mbao na ngozi kikitoka kwenye baridi kavu kuingia kwenye joto la maji chabadilika mkononi, wimbo wa kwanza na wa sita havitakubaliana hata mkafanyaje.

#44 MwalimuKwaya_Mikindani
Bado nasema zile chakacha nne jaribuni moja kwa kliki ya sita, moja bila. Msikilize wenyewe, si kwa kubishana hapa.

#45 BabuTashkota
Jaribuni. Najua masikio yenu yatasema nini.

#46 MwalimuKwaya_Mikindani
Na mimi najua yatasema nini Babu 🙂

#47 Risha_Kibokoni
Basi tumekubaliana jaribio tu, Ijumaa baada ya isha tuanze kupanga vitu, nyimbo mbili. Moja chakacha kwa njia zote mbili, moja ya bayati bila kliki. Elfu tisini siigusi mpaka tusikilize, nitalipa chai na nauli za watu. Nitaziweka hapa bila kusema ipi ni ipi. Wakili naomba mfano wa hiyo karatasi.

#48 Wakili_Tudor
Nakutumia leo. Ukurasa mmoja, majina ya wote sita.

#49 FundiWaya
Jambo la mwisho Risha, hili ni la kazi yako. Nyumba hizo waya zake za zamani, mara nyingi soketi haina erthi na maiki zikiwaka unasikia mvumo mzito chini, ule wa hezi 50, na ukishaingia kwenye udi hautoki. Nenda na tesita kabla ya Ijumaa.

#50 Risha_Kibokoni
Nimetoka huko sasa hivi. Soketi nne za juu, moja tu ina erthi, nayo iko jikoni. Nina ekstensheni ya mita kumi na tano, nitaivuta mpaka sebuleni na intafesi, laptopu na ampu ya besi zote zikae hapo hapo. Zulia nimeazima msikitini. Bado mkaa wa kukanzia ngoma.

#51 SautiYaLikoni
Mkaa naja nao mie.